Lesi ya Pilipili

Kila asubuhi, jijini Istanbul, kabla ya kuvuka barabara kwenda chuoni, Rukiye alishuka ngazi za choo cha wanawake kilicho chini ya maduka ya vitabu, akasimama mbele ya kioo chenye ufa, akajivika nywele za mtu asiyemjua. Wigi lilikuwa la kahawia, limekatwa usawa wa shingo, na shungi lake la mbele lilimfanya afanane na watangazaji wa televisheni wa zamani. Alilivaa juu ya kofia nyembamba ya pamba iliyoficha nywele zake mwenyewe zote, hata za kisogoni. Kitambaa chake cha kichwa alikikunja akakitia chini kabisa ya mkoba, chini ya koti jeupe la maabara. Kisha akajigeuza upande huu na ule mbele ya kioo, akapanda ngazi akiwa mwanamke mwingine.

Hivyo sheria iliyokataza vitambaa vya kichwa vyuoni ilitimia na dini ikatimia. Dola ilitaka kuona nywele, ikaoneshwa nywele. Mungu alitaka nywele za Rukiye zisionekane, nazo hazikuonekana. Kama kulikuwa na aliyecheka katika jambo lile, basi ni wigi lenyewe.

Mlinzi wa getini, Ami Hikmet, alilijua wigi hilo kuliko alivyomjua mwenye kulivaa. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mkewe mwenyewe hujifunika, na aliwatania wasichana wa mawigi kana kwamba ni binti zake. Kukiwa na upepo alimwambia Rukiye azishike nywele zake zisije zikatangulia darasani. Kukinyesha alimwuliza kama nazo huanikwa. Rukiye hakuwahi kumjibu, maana alikuwa na haya hata za kumwomba dereva wa basi amteremshe. Alicheka huku akiangalia viatu vyake, akaonesha kitambulisho, akapita.

Asubuhi moja ya mwezi Mei Ami Hikmet hakutania. Pembeni yake alisimama kijana wa suti kutoka ofisi ya utawala, na wanafunzi walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye kituo cha tramu.

"Mawigi haya nayo yamekatazwa," kijana alimwambia Rukiye akiyaelekezea macho mashungi. "Amri mpya."

Rukiye akamtazama Ami Hikmet. Ami Hikmet akatazama barabara.

Kijana akamtaka alivute wigi lake aone chini yake kuna nini. Rukiye hakusogeza hata kidole. Basi kijana akatoa kalamu mfukoni, akaiingiza taratibu chini ya shungi, akaliinua wigi kama mtu anayefunua chungu aone kama wali umeiva. Kofia ya pamba ikaonekana. Nyuma yake kuna aliyecheka, na kuna aliyesema aibu, na Rukiye hakujua aibu ile ilimkusudia nani. Alilirudisha wigi mahali pake kwa mikono miwili. Likakaa upande.

Hakufukuzwa. Alipelekwa ghorofa ya pili, katika chumba ambacho mlangoni paliandikwa chumba cha ushauri, na ambacho wasichana walikiita chumba cha kubembelezea. Kilikuwa na zulia, maua ya plastiki na picha ya mwasisi wa dola ukutani. Aliyemsubiri ndani alikuwa Profesa Bedia, aliyemfundisha kemia ya dawa mwaka wa pili, na ambaye siku moja aliunyanyua mtihani wa Rukiye mbele ya darasa zima akasema hivi ndivyo mfamasia anavyofikiri.

Profesa alimmiminia chai ya mkandaa katika bilauri ndogo, akamsogezea sukari. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya upole wa kweli. Alimwuliza nani anamlazimisha. Rukiye akasema hakuna. Ni baba? Hakuna, mwalimu. Ni kundi fulani la dini, wanakupa chumba cha kulala, wanakulipia? Hakuna, mwalimu. Profesa akaegemea kiti, akamtazama kama daktari anayemtazama mgonjwa anayeficha panapouma.

"Bibi yangu alijifunika," akasema. "Alifunga fundo hapa, chini ya kidevu. Kitambaa kile hakikumtisha mtu, kilinukia mkate. Hizi pini zenu za kubania vitambaa ndizo zinazonitisha mimi. Leo mnaomba mkae darasani mmejifunika. Kesho mtaniambia na mimi nijifunike."

Rukiye alitaka kuuliza kama fundo linafunika nywele tofauti na pini. Alitaka kusema kwamba yeye hana la kumwambia mtu, wala leo wala kesho. Lakini alipoinua macho akamwona Profesa akikoroga chai ambayo hakuitia sukari, akajua kwamba mwanamke huyu hasemi alichotumwa kusema. Anaogopa hasa. Ikamsikitisha kuliko ile kalamu, kwamba yupo mtu duniani anayemwogopa yeye.

"Umebakiza mtihani mmoja," Profesa akasema. "Mmoja, mwanangu. Ufanye kichwa wazi, uchukue shahada yako, na ukishatoka lile geti jifunike mpaka kwenye kucha, sina neno. Ongea na watu wa kwenu. Nitakusubiri."

Huo ulikuwa ndio ukweli wote. Mtihani wa famakolojia, Jumanne ya wiki ifuatayo. Asiyeufanya angepoteza mwaka, na mwaka uliofuata, kwa amri zilivyokuwa, hakuna ambaye angeandikishwa chuoni bila picha ya kichwa wazi.

Rukiye alikaa chumba kimoja na Nilgun, msichana wa Izmir, mwanafunzi mwenzake wa famasia, mwenye nywele fupi kama za mvulana na mdomo usiopumzika. Nilgun alipoambiwa habari ya kalamu alilitukana geti, akakitukana chuo, akamtukana mama aliyemzaa yule kijana wa suti, akamwomba radhi mama huyo kwa kuwa pengine naye hajui amezaa nini. Kisha akawasha sigara dirishani na kumgeukia mwenzake.

"Lakini na wewe. Kwani hicho kichwa kina nini? Kina pembe? Mimi ningekuwa nimebakiza mtihani mmoja ningevua mpaka soksi."

"Soksi hawajakukataza."

"Wangejaribu waone."

Rukiye akacheka. Akakaa kitandani, akalichukua wigi akaanza kulichana kwa vidole, na bila kumtazama Nilgun akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema hata ndani ya kichwa chake.

"Mama akisema vua, navua papo hapo."

Nilgun alizima sigara. Alisema basi simu si ipo ukumbini, ampigie.

Kwa Nilgun mambo yalikuwa mepesi namna hiyo. Kwao Izmir mama na binti waligombana wakiwa wamesimama, wakapatana wakiwa wamekaa. Lakini kwa Rukiye kitambaa kile kilikuwa mkono wa mama yake. Gulsum, mama yake, ndiye aliyemvika mara ya kwanza, alipokuwa msichana wa shule ya kati, akakaza pembe zake, akapulizia pumzi kidogo kwenye paji la uso kama anayefukuza vumbi, akasema sasa wewe ni mwenzangu. Kukivua bila neno lake kulikuwa kama kumwacha mama kwenye stendi ya mabasi ukaondoka zako. Na upande mwingine ni huyohuyo Gulsum, aliyetolewa darasa la tano kwa sababu baba yake aliona hesabu alizojua zinatosha kwa kuchota maji, aliyewahi kumwambia Rukiye, mara moja tu, kwamba anatamani kuona duka la dawa lenye jina lake juu ya mlango. Kwao kila duka la dawa hubeba jina la mwenyewe. Alilisema jambo hilo huku akikamua nguo, akamalizia kwa kumtuma sabuni.

Simu ya nyumbani kwao ilikaa karibu na kochi la baba yake, Durmus. Durmus alichimba makaa ya mawe maisha yake yote, baruti zikamla masikio, na kwa hiyo simu ilifunguliwa sauti ili nyumba nzima isikie anachoambiwa mtu mmoja. Rukiye alipopiga alizunguka mbali. Alieleza hali ya hewa ya Istanbul, akauliza goti la shangazi, kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba mawigi nayo yamekatazwa, na kwamba walimu wanambembeleza.

"Waambie binti wa mchimba makaa habembelezwi," sauti ya baba ikatoka kwa mbali.

Rukiye akasikia kijiko kikigonga bilauri.

"Umekula?" mama akauliza.

"Nimekula, Mama. Wewe unaonaje?"

Kijiko kikagonga tena. Kisha Gulsum akasema atamtumia kitu kwa basi la Ijumaa. Akasema akitazame vizuri.

Rukiye alirudi chumbani akiwa karibu kuwa na furaha. Alijua mama yake husema namna gani.

Kwao, katika ule mji mdogo wa makaa karibu na Kutahya, wanawake husuka kwa sindano lesi nyembamba za uzi wa rangi pembeni mwa vitambaa vyao vya kichwa, na tangu zamani wamesema kwa lesi hizo yale ambayo mdomo haukuruhusiwa. Bi harusi aliyechoshwa na mama mkwe humtilia kwenye kitambaa cha zawadi lesi ya jiwe la kaburi, maana yake baridi yetu haitaisha mpaka tufukiwe. Msichana anayempenda asiyempenda huvaa maua ya njano ya narjisi. Mwanamke aliyewaka moto, aghalabu na mumewe, huzungushia kichwa chake pilipili nyekundu, akaenda nazo sokoni, na mji mzima ukajua bila yeye kufungua kinywa. Vijana walikwisha kuyacheka mambo hayo. Wengi walisuka ua lolote lililowapendeza macho. Lakini Gulsum, ambaye ndiyo iliyokuwa kazi yake, aliyewasukia mabibi harusi wa mitaa mitatu, hakuweka shanga moja bila kukusudia. Kwa mdomo alisema umekula, umelala, funga dirisha. Mengine yote yalikuwa kwenye sindano.

Ijumaa jioni Rukiye alikwenda kwenye kituo kikuu cha mabasi, akamtafuta kondakta wa basi la kwao, akapokea furushi lililofungwa kwa kamba. Ndani kulikuwa na dengu za kukaanga, unga wa supu ya maziwa, soksi za sufu ingawa ilikuwa Mei, na chini kabisa, ndani ya gazeti, kitambaa cheupe. Pembeni mwake, pande zote nne, zilining'inia pilipili ndogo nyekundu, kila moja na kikonyo chake cha kijani.

Alikitandaza juu ya kitanda. Nilgun akaja akasimama ubavuni mwake.

"Nini hii?"

"Pilipili."

"Naona ni pilipili. Hii ni barua au ni kachumbari?"

Rukiye akamweleza. Pilipili ni mwanamke anayewaka, mwanamke aliyekasirika hasa. Nilgun akauliza amemkasirikia nani. Na hapo Rukiye akakigeuza kitambaa upande wa pili, kwa sababu lesi husema moto upo, haisemi umewashwa na nani. Akaupitisha mkono wake juu ya zile pilipili, zikamkwaruza.

"Wao," akasema mwishowe. "Kwa wanayonifanyia. Anasema nisikubali."

"Yote hayo pilipili ndiyo imesema?"

"Nilgun, angetaka nivue, angenitumia kitambaa?"

Nilgun alisema tu kwamba yeye angepiga simu tena, akauliza kwa maneno, kama binadamu. Rukiye akatikisa kichwa. Kumwuliza mama yake mara ya pili, na baba akisikiliza, kungekuwa kumwambia hukusema kitu. Na alikuwa amesema. Alikuwa amekaa usiku kucha na macho yake mabovu akisema. Rukiye alikikunja kitambaa kikawa kidogo, akakitia chini ya mto. Ndipo alipojua jinsi alivyokuwa ametarajia jibu lile lingine.

Jumanne mvua ilikuwa inanyesha, nyepesi, ya kuudhi. Rukiye hakushuka ngazi za choo. Alikwenda getini na kitambaa cheupe kichwani, pini mbili kila upande wa shingo, na pilipili zikimzunguka uso. Nilgun alitembea naye, amebeba mwavuli na kofia ya sufu aliyoichukua bila kusema ni ya nini.

Ami Hikmet alitoka kwenye kibanda chake. Alimtazama kichwani, akamtazama machoni, akashusha sauti.

"Binti, rudi ukavae hata lile wigi. Nitageuka upande wa pili, wallahi. Huyu kijana bado hajafika."

Rukiye akasema hataliweza tena lile wigi. Lilikuwa jibu lake la kwanza kwa Ami Hikmet kwa muda wote aliomfahamu, na mzee akalipokea kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Kijana wa suti akafika. Foleni ikapita pembeni yao, wanafunzi wenzake wa famasia, wengine wakimgusa bega, wengine wakiharakisha. Nilgun akatoa kofia ya sufu akasema ivae hii, haina dini hii, ni ya baridi tu. Kijana akasema hata hiyo hapana. Nilgun akamwambia maneno ambayo hayaandikiki, kisha akamgeukia Rukiye, na sasa alikuwa analia kwa hasira.

"Saa mbili tu. Uvue kwa saa mbili. Nitakushikia mkononi, sitakiweka hata mezani."

Hapo ndipo Profesa Bedia alipoteremka mwenyewe, bila koti, nywele zake za mvi zimelowa na kulala kwenye paji la uso. Watu wakampisha. Alisimama upande wa ndani wa geti, Rukiye upande wa nje.

"Njoo ofisini kwangu," akamwambia. "Nitafunga mlango. Utavulia kwangu, utafanyia mtihani kwangu, peke yako, hakuna mwanamume atakayekuona. Nimezungumza nao. Nakuomba."

Rukiye akamwamini. Mvua ilikuwa inamwingia shingoni. Aliwaza swali la kwanza litakuwa la dawa za moyo, kwa sababu kila mwaka lilikuwa la dawa za moyo, na alilijua jibu lake kama anavyojua njia ya kwao. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye pini ya kushoto. Akaishika.

Kidole chake kikagusa pilipili. Ndogo, ngumu, imebanwa nyuzi kwa nguvu za mtu anayesuka kwa uchungu. Akamwona mama yake ameinama dirishani, ananyonya kidole kilichochomwa na sindano. Akaushusha mkono.

"Samahani, mwalimu," akasema.

Profesa Bedia akasema, kwa uchovu na bila ubaya, kwamba basi ndivyo wanavyoshinda, na Rukiye hakumwuliza nani. Geti likafungwa ulipofika wakati wa mtihani. Nilgun ilimbidi aingie. Alimwachia mwavuli.

Nyumbani walimpokea kama mtu aliyerudi Hija. Durmus alimsubiri stendi, akamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwita simba wake. Sebuleni kulikuwa na majirani na halua ya unga, na kila aliyeingia alimbusu Rukiye mashavuni akimwambia hongera. Mwanamke mmoja alisema dunia ni mavumbi, shahada nayo ni karatasi. Mwingine akauliza umri wake. Shangazi Hatun, dada wa baba, ambaye goti lake halikumzuia kufika popote penye halua, aliketi pembeni yake akampapasa mgongo.

"Dawa za nini, mwanangu? Watu watameza dawa bila wewe. Wewe sasa tukutafutie anayekohoa umtibu peke yake."

Watu wakacheka. Rukiye naye alicheka kidogo, akiangalia zulia. Mama yake alikuwa akipita na sinia la chai, anainama kwa kila mgeni, anauliza sukari, anapita. Alikuwa amembusu binti yake mlangoni, akamwuliza kama amekula. Tangu hapo hakusema naye. Hakusema pia na Durmus. Alipofika mbele ya mumewe alishusha bilauri mezani bila kuinama, akaendelea.

Siku zikapita, mvua zikakatika. Rukiye aliamka mapema bila sababu. Alifagia, alianika, alitengeneza chai. Vitabu vyake vilikuwa ndani ya boksi nyuma ya mlango, na baba alikwisha kuweka redio juu yake. Nilgun aliandika kwamba amefaulu na kwamba swali la kwanza lilikuwa la dawa za moyo. Rukiye aliisoma barua chooni, kisha akanawa uso akatoka.

Ilikuwa Jumamosi, alipokuwa akiwasaidia wanawake kuanua nguo uani, ndipo alipoona. Vitambaa vya mama yake vya kutokea sokoni vilikuwa kwenye kamba, cha kijani, cha samawati, cha maua madogo. Vyote vilikuwa na lesi mpya, nayo ilikuwa pilipili. Rukiye alisimama na vibanio mkononi.

Shangazi Hatun akamwona anavyotazama, akaangua kicheko.

"Hujui? Mji mzima unajua. Mama yako anamlisha kaka yangu pilipili tangu ile siku uliyopiga simu. Hasemi naye. Akitaka chumvi anamwambia paka."

"Kwa nini?"

"Mwulize mwenyewe. Mimi nilivyomwuliza aliniambia funga mlango."

Rukiye aliweka vibanio ndani ya kapu, kimoja kimoja. Aliingia ndani.

Gulsum alikuwa mahali pake, kwenye takia chini ya dirisha, kitambaa cha mteja juu ya goti na sindano juani. Rukiye alikaa sakafuni mbele yake, kama alivyokuwa akikaa utotoni kumshikia uzi. Alimwuliza zile pilipili alizotumiwa kwa basi zilikuwa za nani.

Mama hakuinua macho. Alisema zilikuwa za baba yake. Alieleza kidogo kidogo, akisuka. Kwamba neno la baba kwenye simu lilimwasha papo hapo, na simu ilipokatwa Durmus alisema atapanda basi kesho yake amlete Rukiye nyumbani, kwa kuwa afadhali binti aliyejifunika jikoni kuliko mwenye shahada kichwa wazi. Kwamba yeye alimjibu, kwa mara ya kwanza tangu waoane, na wakagombana mpaka jirani akagonga ukuta. Kwamba alimzuia asiende. Kwamba alikesha akiusuka ugomvi wao pembeni mwa kitambaa, akijua mtoto wake ana akili, akiona pilipili atajua mama amesimama kinyume na baba, na akijua hilo atajua la kufanya.

"Mimi nilidhani unaniambia nisikubali," Rukiye akasema.

"Nilijua. Ulivyoingia mlangoni umekivaa, nilijua."

"Kwa nini ulinitumia kitambaa, Mama?"

Sindano ikasimama.

"Sijui kutengeneza kitu kingine," Gulsum akasema.

Nje mlango wa ua ukalia. Durmus alikuwa anarudi kutoka msikitini. Walimsikia akikohoa kikohozi chake cha makaa, akiweka viatu, akiburuta miguu ukumbini. Siku zote Gulsum akimsikia mumewe akija hushusha sauti, au hunyamaza, au huuliza habari ya chakula. Rukiye alimngojea anyamaze. Badala yake mama aliichomeka sindano kwenye takia, akaweka kazi ya mteja kando, akavishika viganja vya binti yake, vyote viwili. Mkono wake ulikuwa na vitundu vidogo vidogo kwenye kila kidole.

Durmus akasimama mlangoni, akaweka kiganja nyuma ya sikio lake bovu, akauliza wanasema nini.

Gulsum hakumgeukia. Lakini alipandisha sauti, juu zaidi ya Rukiye alivyowahi kuisikia, mpaka Shangazi Hatun uani akaacha kukunja nguo.

"Nilitaka uvue," akasema. "Uvue, uingie, ufanye mtihani wako. Na kama ni dhambi, ningeibeba mimi. Nilitaka uvue, Rukiye."